Ukuta wa Kiunoni

Shangazi mtu aligonga milango mitatu kabla hajapata wa kumwambia kwamba chumba cha mwisho kina mtu ndani.

"Yupo," alisema msichana wa chumba cha jirani, kichwa tu kikiwa nje ya mlango, mswaki mdomoni. "Nadhani yupo. Viatu vyake si hivyo hapo?"

"Viatu nimeviona. Namtafuta mwenye viatu. Tangu juzi hapokei simu."

"Mimi simjui sana, mama. Tunasalimiana tu kwenye ngazi."

"Hata jina lake hulijui?"

Msichana alitoa mswaki mdomoni, akafikiri, akatikisa kichwa. Aibu iliyompanda usoni ilikuwa ya kweli, lakini haikuweza kumfungulia mtu mlango.

Chini, katika sebule ya pamoja, binti wa wenye hosteli alikuwa anafuta vumbi kwenye makochi. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba, na kwa vile hakuwahi kuonekana bila rula kwenye mkoba, kaka yake alimwita Rula tangu chuoni, na jina likamganda. Aliposikia sauti ya mtu mzima ikipanda huko juu, alichukua funguo za akiba akapanda ngazi mbilimbili.

Walimkuta mpwa wa shangazi, binti wa chumba cha mwisho, amelala kitandani, macho wazi, midomo imepasuka. Jagi la maji lilikuwa sakafuni, tupu, mkono wake umening'inia juu yake. Kando ya kitanda palikuwa na jiko lake dogo la gesi, sinki lake dogo na kabati lake dogo, kila kitu kimepangwa ndani ya hatua chache kama ramani ilivyotaka. Shangazi alipiga magoti. Alikuwa fundi cherehani, na kwa jinsi alivyotoka mbio kazini, futi ya kupimia bado ilikuwa shingoni.

"Mwanangu. Mwanangu, ni mimi."

Rula alifungua dirisha akaita kwa nguvu kuelekea ua wa nyumba ya pili. "Mama! Njoo huku!"

Mama alikuja na mikono yenye harufu ya vitunguu. Alikuwa amestaafu uuguzi, lakini mwili wake ulikuwa haujapata taarifa hiyo. Aliushika mshipa wa mkono wa mgonjwa, akafinya ngozi ya nyuma ya kiganja. Ngozi ikabaki imesimama.

"Amekauka," alisema. "Maji, kwa kijiko, kidogo kidogo. Na mwite kaka yako alete gari."

Kaka mtu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Kontrakta, alileta pikapu ikiwa bado na mifuko ya saruji nyuma. Walipokuwa wanampandisha binti kwenye kiti cha mbele, shangazi alimgeukia Mama.

"Nawe unakaa wapi, dada?"

"Hapo. Nyuma ya ukuta."

"Na wewe ni nesi."

"Nilikuwa."

"Nyuma ya ukuta," alisema shangazi, taratibu, kama mtu anayejaribu neno geni mdomoni. Kisha akatupa jicho kupitia mlango wa mbele: makochi yaliyofunikwa nailoni, televisheni iliyozimwa, zulia lisilo na alama ya mguu. "Sebule nzuri. Wageni wanakuja lini?"

Gari likaondoka. Mama alibaki amesimama pale pale, mikono yake ameishika mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

*

Hosteli ile ilikuwa imesimama kwenye nusu ya kiwanja cha familia, nusu nyingine ikiwa nyumba yao wenyewe. Rula ndiye aliyechora, Kontrakta ndiye aliyejenga, na Mama ndiye mwenye ardhi, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa lake. Wakati wa kuchora, ndugu wawili waligombana mpaka majirani wakazoea. Kontrakta alitaka vyumba tu, kila chumba na jiko lake. Rula alitaka watu waishi pamoja. Wakakubaliana kugawana: kila mtu jiko lake, na chini sebule moja kubwa ya wote. Rula aliondoka kwenye mazungumzo yale akijiona mshindi.

Sasa walikaa uani, kama kila jioni, Mama akichambua mchele kwenye sinia, Kontrakta akiwa amevua buti na kunyoosha miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Vyumba vinne," alisema Kontrakta. "Ile sebule inatoa vyumba vinne safi. Wanafunzi wanaanza likizo wiki hii, nina mafundi, nina matofali yaliyobaki kule kwa mteja. Wakirudi wanakuta kazi imekwisha."

"Ile sebule ndiyo hosteli," Rula alisema. "Ukiitoa, zinabaki seli."

"Rula, mdogo wangu, nikuulize kitu. Tangu tufungue, umewahi kumwona mtu amekaa mle?"

"Bado hawajazoea."

"Hata ile picha yake uliyotundika ofisini kwenu haina mtu."

Ni kweli, picha haikuwa na mtu. Siku ile ya kuipiga, Rula mwenyewe ndiye aliyemwomba mwanafunzi aliyekuwa anapita asubiri kidogo, asiharibu mstari wa makochi.

"Mama, sema neno," Kontrakta alisema.

Mama hakuinua macho kwenye sinia. "Mimi sitaki ramani na sitaki vyumba. Nataka mmoja wenu aniambie kwa nini mtoto wa watu alikuwa anakauka hapo juu wakati mimi nakaanga vitunguu hapa chini. Atakayenijibu hilo kabla wanafunzi hawajarudi, huyo ndiye nitamsikiliza. Akikosekana wa kunijibu, hosteli naifunga. Nitapanda mboga."

"Nyumba ya ghorofa, Mama? Unapandaje mboga?"

"Utanivunjia."

Kontrakta akashusha miguu kutoka kwenye ndoo. Alimjua mama yake. Hakuwa mtu wa kutania na vitu vilivyomuuma.

*

Rula alimkuta binti wodini ameketi, mto mgongoni, anamenya chungwa kwa kucha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri. Shangazi anasema nihame."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijasema."

Rula alivuta kiti. "Nataka nikuulize, na usinionee haya kwa sababu nyumba ni yetu. Kwa nini hukumwita mtu?"

"Ningemwita nani?"

"Hata kugonga ukuta tu."

"Niligonga," binti alisema. "Yule wa jirani, tunamwita Spika, ana spika kama ndoo. Niligonga, akapunguza muziki."

Binti alicheka kidogo, kisha akakohoa.

"Nikagonga tena, akazima kabisa. Alidhani ananiudhi. Na yeye ni mtu mwenye adabu, maskini."

"Na sebuleni? Hukuwahi kushuka?"

"Mara moja, mwanzoni. Mama akaniambia nivue viatu, nikavua. Nikakaa, nailoni ikalia. Nikaona kama nasubiri kuitwa na daktari." Alimpa Rula kipande cha chungwa. "Halafu dada, ukishakaa pale unafanya nini? Mtu akiingia anakukuta umekaa tu. Atadhani una matatizo. Nikarudi zangu juu kupika."

"Kwa hiyo hujui mtu."

"Nawajua nyinyi."

"Sisi?"

"Dirisha langu si liko juu ya ua wenu? Najua Mama huimba akichambua mchele, akifika ubeti wa pili anasahau maneno, anamalizia kwa mluzi. Najua kaka yako ana kisa cha mteja aliyetaka choo katikati ya sebule, na kila akikisimulia mwisho unabadilika. Huwa nacheka peke yangu huko juu. Siku zile nikiwa na homa nilikuwa nawasikiliza. Nikasema moyoni, wale wakinyamaza ndiyo nimekufa."

Alisema hivyo bila kutafuta huruma, akichagua mbegu za chungwa kiganjani. Rula aliaga, akatoka, akakaa kwenye benchi la korido mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.

Nyumbani kwao, alipokuwa mtoto, kulikuwa na sebule. Ilikuwa mbele, ilikuwa kubwa, ilikuwa na makochi mazuri kuliko vitu vyote walivyokuwa navyo, na ufunguo wake ulikaa kwa Mama. Ilifunguliwa akija mgeni. Maisha yenyewe yalikuwa nyuma, uani, kati ya bomba na jiko, ambako ungeweza kufua huku unasemwa, kuosha vyombo huku unafundishwa hesabu, na kulia huku unakatiwa vitunguu ili usingizie vitunguu. Hakuna aliyewaita pale. Walikuwa na shughuli pale. Na yeye, pamoja na diploma yake na kalamu zake, alipopewa kazi ya kuwakutanisha watu, alikaa chini akachora upya, tena kwa ukubwa zaidi, chumba pekee cha nyumba yao ambacho hakikuwahi kukaliwa.

*

"Kaka," alisema jioni ile, "sebule chukua."

Chai ilimpalia Kontrakta. "Unaumwa?"

"Vyumba vinne, vyako. Anza hata kesho."

"Mama, mshike paji la uso huyu." Kisha akamtazama kwa jicho la mtu aliyezoea kudanganywa na wateja. "Na wewe unataka nini?"

"Majiko yote yatoke vyumbani, na masinki pia. Mlango wa mbele tuuzibe. Na huu ukuta tuuvunje."

Mama aliacha kuchambua. "Ukuta upi?"

"Huu, Mama. Wa ua wako."

"Subiri kwanza," Kontrakta alisema. "Uzibe mlango wa mbele. Kwa hiyo wanafunzi waingie kwao kwa kupitia jikoni, kama paka."

"Kama sisi. Wewe nyumba hii uliwahi kuingia kwa mlango wa mbele?"

Kontrakta alifikiri kwa uaminifu. "Siku ya harusi yangu."

"Basi."

"Basi nini? Wazazi wakija wanauliza jiko kabla hawajauliza choo. Nitawaambia nini, mtoto wenu atapika kwa foleni? Watatukimbia, Rula. Huu si mtihani wa chuo, ukikosea unafuta."

"Wengine watatukimbia. Nitawapokea mimi, nitawaeleza mimi. Wakikataa, wamekataa."

"Na mimi?" Mama aliuliza.

Hakupaza sauti, na wote wawili wakamgeukia.

"Nimefanya kazi mbele za watu maisha yangu yote. Wagonjwa, ndugu wa wagonjwa, madaktari wa kunifokea mbele ya wagonjwa. Hapa ndipo mahali pangu pa kukaa na gauni la kulalia bila kuulizwa swali. Nguo zangu za ndani naanika hapa. Mnataka nianike mbele ya chuo kikuu?"

Rula alikuwa amejiandaa kwa kodi, kwa mabomba, kwa moshi na kwa mvua. Si kwa hili. Akaona afadhali aseme alichonacho.

"Yule binti alikuwa anatusikia, Mama. Siku zote alizoumwa alikuwa anakusikia unaimba. Aligonga ukuta wa jirani yake, na jirani akapunguza muziki. Akadhani anaambiwa anapiga kelele."

"Aligonga?"

"Mara mbili."

"Akapunguziwa muziki."

Mama aliweka sinia chini. Aliokota punje za mchele zilizomwangukia mapajani, akazirudisha moja moja.

"Wodini meza yetu ilikuwa katikati ya vitanda," alisema hatimaye. "Wageni walidhani ni kwa sababu ya ufinyu. Nikiwa naandika, nasikia. Mtu akianza kupumua vibaya nainua kichwa kabla yeye mwenyewe hajajua. Walionitia hofu ni wale wa vyumba vya kulipia. Wana pazia lao, wana kengele yao. Kengele mtu anabonyeza akiwa na nguvu." Alisimama, akausogelea ukuta, akauwekea kiganja kama anayepima homa. "Na huu nilimwagiza mimi mwenyewe huyu kaka yako auongeze urefu. Nilisema nisisikie kelele za wanafunzi."

"Nilikuongezea kwa bei ya mama," Kontrakta alisema kwa sauti ndogo.

"Sitaki kuonekana na nguo za kulalia. Zaidi ya hapo, fanyeni."

Kontrakta aliinuka bila viatu. Ubishi ulikuwa umemtoka, na sasa alikuwa fundi aliyepewa kazi. Alitembea pembezoni mwa ukuta, akaugonga kwa ngumi hapa na pale, akasimama.

"Tusiuvunje wote," alisema. "Tuushushe mpaka kiunoni. Juu yake namwaga bamba la zege, pana, laini, la kupikia. Wao majiko yao upande ule, Mama jiko lake upande huu. Anayepika anamwona anayepika. Na Mama anabaki kwake, hakuna wa kumpitia katikati ya miguu."

Rula alimtazama. Ilikuwa bora kuliko alichokuwa amechora, na iliuma kidogo, na alikubali kuumwa. "Kiunoni kwa nani? Wewe ni twiga."

"Kiunoni kwa Mama. Mama, simama hapa nikupime."

"Kamba ya kuanikia itakwenda nyuma ya tangi la maji," Mama alisema huku amesimama wima, mikono imebana ubavuni. "Na masinki yasitazame ukuta. Nimechoka kuosha vyombo nikitazama ukuta."

*

Ukuta ulishuka kwa vumbi jingi na maneno mengi. Mafundi walidhani wamesikia vibaya. Hawakuwahi kuajiriwa kubomoa ukuta mzuri namna ile. Ofisini, Rula alibandua ile picha mwenyewe. Bosi wake alimuuliza ina kasoro gani.

"Picha haina kasoro," alisema. "Nyumba ndiyo yenye kasoro." Bosi alicheka, akidhani ni utani, akaenda zake kuwasimulia wengine. Siku nzima wakawa wanamuuliza anajenga magofu wapi.

Wanafunzi waliporudi, mambo yalikuwa mabaya kama Kontrakta alivyotabiri. Walilalamika kwenye ngazi, wakalalamika mlangoni. Spika, msichana mwembamba mwenye sauti nene, alisimama mbele ya bamba la zege na sufuria zake kifuani kama mtu aliyefukuzwa kwao.

"Dada Rula, mmetunyang'anya majiko."

"Yapo. Yamehamia hapa."

"Na kila mtu ataona ninachokula?"

"Kwani unakula nini?"

Spika aliziweka sufuria chini. Mzazi mmoja alimhamisha mwanawe siku hiyo hiyo, akisema hakuja kumsomesha mtoto kambini. Rula ndiye aliyembebea begi hadi kwenye gari, na mzazi hakumshukuru. Kontrakta aliona yote, akarudi kazini, akawa anasonya mwenyewe siku nzima.

Kisha shangazi akaja, na binti pembeni yake. Alipita mlango mpya bila kusalimu, akasimama penye ule ukuta mfupi, akapitisha vidole kwenye ukingo wa zege kutoka mwanzo hadi mwisho kama anayekagua pindo la gauni.

"Hapa ndipo wanapopikia?"

"Wote," Mama alisema kutoka upande wa pili.

"Na wewe unakaa hapo."

"Nakaa hapa."

Shangazi alimtazama mpwa wake. Binti alikuwa anatazama mahali pa kuweka jiko.

"Nitakuwa nakuja siku yoyote," shangazi alimwambia Mama. "Bila kupiga simu."

"Karibu. Mlango ni huu mmoja."

Lakini zege halimlazimishi mtu kusema. Siku za kwanza walipika kwa kupishana, mmoja akimaliza mwingine anachungulia kama njia ni nyeupe. Waliokutana walipeana migongo. Walikoroga haraka, wakabeba sufuria zikiwa za moto, wakapanda. Rula, akiosha vyombo upande wa pili, aliwaona wote na hakusikia kitu. Alianza kufikiri kwamba labda kaka yake alikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwamba ameubomoa ukuta wa mama yake kwa ajili ya kutazama migongo ya watoto wa watu.

"Wape muda," Mama alimwambia.

"Ndivyo nilivyosema kuhusu sebule."

"Sebule haikuwa na njaa."

Ilitokea jioni moja, jua bado lipo. Mama alikuwa kwenye kiti chake, Kontrakta akisimulia kile kisa cha mteja na choo, Rula akimenya viazi. Kutoka ng'ambo ya zege sauti ikapanda.

"Wewe Spika. Nani amekwambia uiguse sufuria yangu?"

Ilikuwa sauti ya binti wa chumba cha mwisho. Rula hakuwahi kuisikia ikiwa na nguvu.

"Sijaigusa, nimeisogeza."

"Umeisogeza wapi? Maharage yako hapa nusu mabichi, na kwenye moto kuna chai yako."

"Nimekuita. Nimesimama chini ya ngazi nimekuita, 'Wa Mwisho, Wa Mwisho', hujajibu. Nikajua umelala."

"Sijalala, nilikuwa nasoma."

"Unasoma huku unakoroma?"

"Mimi sikoromi."

"Muulize yeyote wa korido yetu. Nyie, huyu hakoromi?"

Vicheko vikatoka, si kwa mtu mmoja. Mmoja akasema anakoroma lakini kistaarabu. Mwingine akasema Spika ndiye asiyefaa kusema, maana vijiko vyake viko kwenye sinki tangu asubuhi, na wote wanavijua vijiko vyake. Spika akamjibu amlipe kwanza chumvi yake. Wa Mwisho akarudisha sufuria yake motoni kwa kishindo, akaivuta ya chai pembeni, akatangaza kwamba atakayeigusa tena atakula maharage mabichi naye atakaa pale amtazame mpaka amalize.

"Kwani chai yenyewe umeweka sukari?" aliuliza mwingine.

"Sina sukari."

"Mfanyakazi wa benki mtarajiwa, hana sukari."

"Si nimeazima kwa huyu mkoromaji jana, akaniambia kijiko kimoja tu."

"Kimoja cha kujaa," Wa Mwisho alisema. "Usinisingizie."

Kontrakta alikuwa ameachia kisa chake katikati. Aliinuka nusu, buti moja mguuni. "Nikawatenganishe?"

"Kaa," Rula alisema.

"Watapigana."

"Kaa chini, Kaka."

Alikaa. Kelele zikapanda, zikaingia vijiko, chumvi na nani aliacha bomba wazi. Mama aliinuka polepole, akakishika kiti chake kwa mkono mmoja, akakiburuta mpaka kwenye ukuta, akaketi tena, akaegemeza kiwiko kwenye zege ili asikie vizuri.